Kishikio Kizuri, Ukuta Mgonjwa

Kwenye jabali, ufa ni ufa tu. Mvua, joto na baridi vimeupasua kwa maelfu ya miaka, na mkwezi anapotia vidole ndani yake hamnyang'anyi mtu chochote. Kwenye ukuta wa mawe uliojengwa na watu, ufa wa namna hiyohiyo una habari nyingine. Hapo palikuwa na chokaa. Kuna fundi aliyeichanganya, akaisukuma ndani kwa mwiko, akaiwekea kivuli isikauke upesi, na baada ya miaka mia au mia mbili imemomonyoka mpaka vidole vyangu vinazama hadi pingili ya pili. Mimi nashukuru. Ukuta hauna la kushukuru.

Mazungumzo mengi ya watu tunaokwea kuta za kale mjini huishia kwenye mambo mawili: usianguke, na usifukuzwe. Yote mawili yanamhusu mkwezi. Ukuta wenyewe, ambao ndio umetupa kitu cha kufanya jioni nzima, haupati hata sentensi moja. Nami naona huko ndiko kwenye kazi ngumu, kwa sababu kuta zinazotuvutia zaidi, zile zenye mashimo, kingo na nyufa tele, kwa kawaida ndizo zilizo karibu zaidi na kuharibika. Ukuta mzima, uliojazwa vizuri, haukweeki. Ukiona unakweeka kirahisi, jiulize umepungukiwa na nini.

Mchezo wenyewe una umri. Karne ya 19 ilipokuwa ukingoni, wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, walikuwa wakitoka usiku kukwea mapaa na minara ya vyuo vyao, na mmoja wao, Geoffrey Winthrop Young, aliandika hata mwongozo wa kukwea mapaa ya chuo cha Trinity. Walipita kwenye mabomba ya maji ya mvua, kwenye nguzo na kwenye mapambo ya mawe, gizani, bila kamba mara nyingi. Young alikuja kuwa mkwezi mkubwa wa milima ya Alps. Alipoteza mguu katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1928 akapanda Matterhorn kwa mguu wa bandia. Lakini linalonivutia zaidi kwake ni kwamba yeye ndiye aliyesukuma wazo la kuunda Baraza la Upandaji Milima la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1944, ambalo leo sehemu kubwa ya kazi yake ni kukaa mezani na wenye ardhi, wanaikolojia na mamlaka, kukubaliana nani akwee wapi na lini. Mtu aliyeanza kwa kunyata juu ya mapaa ya watu usiku alimaliza kwa kujenga chombo cha kubisha hodi mlangoni.

Kukwea usiku, niseme mapema, sikupendi. Wapo wanaokuona kama mila ya mchezo, na kweli kuna raha yake. Ila tochi ya kichwani hutupa mwanga kwa mbele, na mwanga wa mbele hufuta vivuli vidogo ambavyo ndivyo vinavyokuonyesha jiwe lililotokeza nusu sentimita kuliko wenzake. Jua la pembeni, la asubuhi au la alasiri, ndilo linalousoma ukuta.

Na ukuta husomeka, ukijua umejengwaje. Watu wengi hudhani ukuta mnene wa mawe ni mawe mpaka ndani. Mara nyingi sivyo. Zipo ngozi mbili, ya mbele na ya nyuma, za mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa uangalifu, na katikati kuna kifusi: vipande vya mawe, makombo ya kuchonga, chokaa, wakati mwingine udongo mtupu. Kila baada ya hatua kadhaa fundi hodari huweka jiwe refu linalopita kutoka ngozi moja kuelekea nyingine ili kuzifunga pamoja. Fundi aliyekuwa na haraka, au aliyebanwa na bajeti, aliyaruka mawe hayo. Maji yakiingia katikati, chokaa ya kifusi huoshwa, kifusi huteremka na kujikusanya chini, na ngozi ya mbele huanza kutoa tumbo. Ukiweka jicho kwenye kona na kuutazama ukuta kwa urefu wake, tumbo hilo huonekana. Ukuta wenye tumbo sikwei, hata mwenyewe akinipa funguo za geti.

Kuna hoja huletwa mara kwa mara: ukuta unabeba tani na tani, mtu wa kilo 70 ataufanya nini? Kwa upande wa uzito ni kweli. Mita moja ya ujazo ya jiwe la kawaida ina uzito wa karibu tani 2.5, kwa hiyo mkwezi ni inzi. Tatizo ni mwelekeo. Ukuta wa mawe umejengwa kukandamizwa kutoka juu kwenda chini, na chokaa yake imewekwa kusambaza mkandamizo huo, haikuwekwa kama gundi. Mkwezi yeye huvuta kuelekea nje. Ukishika ukingo wa jiwe kwa pembeni, ukaegemeza mwili upande mmoja na kusukuma miguu upande wa pili, unalitaka jiwe lile litoke mahali pake, jambo ambalo hakuna mtu aliyelijenga akiliwazia. Katikati ya ukuta, pale penye mita kadhaa za mawe juu yake, jiwe limebanwa na halitoki kirahisi. Kadiri unavyopanda, mzigo juu yake unapungua. Na pale juu kabisa, kwenye mawe ya kufunika kichwa cha ukuta, hakuna mzigo wowote.

Hapo tufanye hesabu kidogo. Jiwe la kufunika lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na unene wa 10 lina uzito wa takriban kilo 30. Mkwezi ana zaidi ya mara mbili ya hizo. Amefika juu amechoka, amenyoosha mkono, amekamata ukingo wa nje wa jiwe hilo na sasa ananing'iniza mwili wote juu yake ili ajivute. Jiwe halishikwi na kitu isipokuwa uzito wake na chokaa ambayo imepigwa na mvua kuliko sehemu nyingine yoyote ya ukuta. Likigeuka, linamfuata. Ndiyo maana mimi na wenzangu hatumalizii juu. Tunakwea mpaka safu moja au mbili chini ya kichwa cha ukuta, tunagusa, tunashushwa. Wapo wanaosema njia isiyofika kileleni si njia. Ni maoni yao.

Nirudi kwenye chokaa, maana hapo pana jambo ambalo sikuona likielezwa kwa wakwezi, na liliubadilisha kabisa mtazamo wangu. Waashi wa kale walitumia chokaa laini kuliko jiwe, kwa makusudi. Ukuta hutikisika kidogo, hupanuka na kusinyaa, na chokaa laini huufuata. Zaidi ya hapo, maji yaliyoingia ukutani hutoka kwa kupitia kwenye viungio, yakiacha chumvi zake humo. Kiungio huchakaa, baada ya miongo kadhaa fundi hukwangua chokaa ya zamani na kujaza mpya, na jiwe linabaki salama. Chokaa ndiyo iliyopangiwa kufa. Karne ya 20 saruji ikaenea, na watu wenye nia njema wakajaza viungio vya kale kwa saruji ngumu. Sasa mambo yakageuka. Maji hayapiti kwenye saruji, yanatokea usoni mwa jiwe. Chumvi inajijenga ndani ya vinyweleo vya jiwe, inausukuma uso wake, unamomonyoka. Baada ya muda mawe yamerudi nyuma na saruji imebaki imetokeza kama mbavu.

Mwone sasa mkwezi mbele ya ukuta huo. Kila jiwe ni shimo, kila mbavu ni ukingo mkali wa kushika kwa ncha za vidole na wa kusimamia kwa ncha ya kiatu. Ni ngazi. Kuta za namna hiyo husifiwa sana, nazo zinaoza. Mbavu ile ya saruji haina kitu nyuma yake isipokuwa jiwe linalogeuka mchanga, na ikikatika hukatika kipande kizima, bila kutoa onyo. Kwa hiyo hata mwenye kujali mwili wake peke yake, asiyejali ukuta hata chembe, angefaa kuujua ugonjwa huu.

Ugonjwa wa pili ni wa tabaka. Mengi ya mawe ya mchanga na ya mawe ya chokaa yalijitengeneza chini ya maji, tabaka juu ya tabaka. Fundi mwangalifu hulilaza jiwe kama lilivyolala machimboni, tabaka zikiwa mlalo, ili uzito uzibane. Akilisimamisha, tabaka zikawa wima na sambamba na uso wa ukuta, zitabanduka moja baada ya nyingine. Dalili yake ni ganda pana lililoachana na jiwe kwa upana wa unywele, pengine sentimita mbili tatu za unene, linaloita vidole kwa sauti tamu. Ligonge kwa kifundo cha kidole. Jiwe zima hujibu kwa mlio mkavu, wa juu. Ganda lililoachia hujibu kwa mlio wa debe tupu. Waashi hufanya hivyo kwa nyundo ndogo ya mbao na wakwezi wa majabali hufanya hivyo kwa ngumi, na ni moja ya mambo machache ambayo fani hizi mbili zimekubaliana bila kukutana.

Wa tatu ni chuma. Majengo mengi ya mawe ya kuchonga yamefungwa kwa vibano vya chuma visivyoonekana. Wajenzi wa Parthenon, hekalu la kale kule Athens, walivizungushia madini ya risasi yaliyoyeyushwa ili unyevu usivifikie. Marekebisho ya mwanzoni mwa karne ya 20 yalitumia chuma bila kinga hiyo, kikashika kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, marumaru ikapasuka kutoka ndani. Warekebishaji waliofuata ilibidi wavitoe na kuweka titani, metali isiyoshika kutu. Jengo la mjini lenye michirizi ya rangi ya kutu ikitoka katikati ya mawe, bila bomba wala msumari karibu, huenda lina shida hiyohiyo. Nyufa zake changa ni nzuri kwa vidole. Ziache.

Baada ya kuyasema haya yote, msomaji anaweza kuuliza kama kuna ukuta uliobaki. Upo, na kwa bahati njema si ule unaopigwa picha na watalii. Mahali pa ibada, makaburi, kumbukumbu za wafu, sanamu, lango la mji, jengo lolote lenye mapambo ya kuchongwa: hapo sina mjadala, hata kama jiwe ni gumu na mwenyewe hayupo. Kuta ninazozipenda ni zile za kazi. Kuta za kushikilia udongo kando ya barabara iliyochongwa kilimani. Miguu ya madaraja ya reli ambayo treni zilishaacha kupita. Kuta za machimbo ya zamani yaliyomezwa na mji. Gati za mto zisizotumika.

Wahandisi wa enzi ya reli walipenda kuacha uso wa jiwe bila kusawazishwa. Kingo za jiwe zilinyooshwa ili lipangike vizuri, lakini tumbo la mbele likaachwa limetokeza, na makovu ya patasi juu yake. Ilikuwa rahisi zaidi, na ilionekana imara. Kwa mkwezi hiyo ni zawadi halali: kishikio kipo kwa sababu kilijengwa hivyo, si kwa sababu kitu kimeoza. Ukipata uso wa namna hiyo kwenye graniti au basalti, viungio vimejaa, hakuna tumbo, hakuna mti ulioota katikati ya mawe, umepata mahali pa kukwea kwa miaka. Mara nyingi ni pa kukwea kwa pembeni, nusu mita au mita moja kutoka chini, ukisafiri kwenda kushoto na kurudi kulia. Hapo hakuna kamba, hakuna mawe ya kichwani, na ukianguka unashuka kwa miguu. Wakwezi wapya huona ni mchezo wa watoto mpaka mikono yao ivimbe.

Wako pia waliolimaliza tatizo kwa kujenga jiwe la kukwewa tangu mwanzo. Katika bustani ya Camp Long mjini Seattle, Marekani, lipo jabali la kujengwa lililobuniwa na Clark Schurman na kukamilika mwaka 1939, mawe na saruji, kwa ajili ya kufundishia. Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1964, Don Robinson alipachika vipande vya mawe kwenye ukuta wa korido, na kutokana na majaribio kama hayo zikaja kuta za ndani tunazozijua leo. Na huko Berlin, kwenye bustani ya Humboldthain, mabaki ya mnara wa vita uliojengwa mwaka 1941 na 1942 yamekuwa mahali rasmi pa kukwea, chini ya usimamizi wa chama cha wapanda milima. Wafaransa walijaribu kuulipua baada ya vita. Upande wa kaskazini ukabaki kwa kuwa reli ilikuwa karibu mno. Huo ni zege, si mawe, lakini nautaja kwa sababu ya mpangilio wake: njia zimepimwa, nanga zimewekwa na wanaojua, na ndani popo wanalala majira ya baridi bila kusumbuliwa. Jengo ambalo hakuna aliyelitaka limepata kazi. Natamani kila mji uwe na moja la namna hiyo, kuliko kila mkwezi kuwa na ukuta wake wa siri.

Kuhusu ruhusa, jambo linalowachanganya wengi ni kwamba ukuta mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu: mwenye ardhi ya chini, mwenye ardhi ya juu, na idara inayoutunza ukuta wenyewe. Mlinzi akikuruhusu kwa kichwa si ruhusa. Kama jengo limeorodheshwa kama urithi, kuna sheria juu yake hata kama halina uzio. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1979 inafanya uharibifu wa mnara wa kale uliolindwa kuwa kosa la jinai. Barua ya maombi inayofanya kazi, kwa ninavyoona, ni fupi, ina picha ya kipande kinachohusika, inasema ni watu wangapi, saa ngapi, bila chaki (unga wa kukausha mikono), bila kugongomea kitu, na inamwacha mwenyewe na nafasi ya kukubali nusu. Mara nyingi hukubali nusu.

Nami huomba kitu kimoja zaidi: niende na fundi wao wa mawe, kama wanaye. Mara ya kwanza kukutana na fundi wa aina hiyo alikuwa amesimama na mwiko, ananitazama nilivyokuwa nikimwonyesha kwa kidole njia niliyoiona, hapa mkono, hapa mguu, pale mkono tena. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kijana wangu," akasema, "hapo pote unapotaka kushika ndipo nitakapoanzia kazi Jumatatu." Nikamwambia, "Shikamoo fundi, basi nionyeshe pa kushika." Akacheka, tukazunguka upande wa pili, kwenye sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeipita nikiiona haina kitu. Alasiri ile nilijifunza mambo ya tabaka na ya mlio, na niliyoyaandika juu hapo mengi ni yake.

Vifaa nitavipitia haraka, isipokuwa kamba. Kofia ngumu, ndiyo, kwa mkwezi na kwa mshika kamba, na mshika kamba asisimame chini kabisa ya mkwezi. Nanga isifungwe kwenye ukuta wenyewe: si kwenye mawe ya kichwani, si kwenye uzio wa juu, si kwenye chuma cha zamani kilichochomoza. Kwa kamba ya juu, nanga inabeba uzito wa mkwezi na pia mvuto wa anayemshikilia upande wa pili, kwa hiyo mzigo wake unakaribia mara mbili ya uzito wa mkwezi. Tafuta mti mnene ulio hai au nguzo ya chuma iliyo mbali na ukingo, mbili kama zipo, kisha teremsha mkanda usionyumbuka mpaka karabina, ile pete ya chuma yenye mlango inayopitisha kamba, ining'inie chini ya ukingo. Weka turubai au kipande cha zulia pale mkanda unapogusa jiwe. Kamba inayokimbia juu ya jiwe laini ni msumeno: kwenye miamba ya mchanga ya kusini mwa Uingereza, kama Harrison's Rocks, kamba za vizazi vilivyopita zimechimba mifereji mirefu kwenye kingo, na ndiyo sababu kanuni ya huko ni hiyohiyo, kamba isiguse mwamba ikiwa inatembea. Kile ni kipande cha asili. Kona ya jengo haina unene wa kupoteza namna hiyo.

Viatu vifutwe kabla ya kila mguu kuinuka. Mchanga uliogandamana kwenye soli ndio unaosugua. Mpira mtupu husugua taratibu zaidi.

Chaki ni ugomvi. Mchezo uliipokea katika miaka ya 1950 kutoka kwa John Gill, Mmarekani aliyetoka kwenye jimnastiki, na ni kabonati ya magnesi, kitu ambacho maji huyeyusha kwa shida sana. Kwenye jabali la wazi mvua huipunguza. Chini ya tao au ukingo wa paa, mvua haifiki, na madoa meupe yanakaa. Yanaziba vinyweleo vya jiwe, yanakera macho ya wapita njia, na yanamwonyesha kila mtoto njia ya kwenda juu. Wajerumani wa miamba ya mchanga ya Elbe wamekataza chaki kabisa, pamoja na vyuma vya kuchomeka kwenye nyufa, nao hukwea njia ngumu ajabu kwa vitanzi vya kamba na pete chache za chuma zilizowekwa mwambani. Kanuni zao za msingi ziliandikwa na Rudolf Fehrmann na kukubaliwa mwaka 1913. Mimi hubeba kitambaa cha pamba cha kukausha mikono. Joto likizidi, naenda nyumbani.

Kanuni nyingine ya hukohuko Elbe ni kutokwea jiwe bichi. Jiwe la mchanga lililoloa hupoteza nguvu yake kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maji hulegeza kile kinachoshikanisha chembe. Kwa ukuta wa kushikilia udongo hali ni mbaya zaidi, maana nyuma yake kuna ardhi iliyojaa maji siku nyingi baada ya mvua kuisha. Uso unaweza kuwa mkavu kabisa na ndani kuloa. Tazama matundu ya kutolea maji karibu na msingi. Kama bado yanadondosha, au kama unga mweupe wa chumvi umechanua usoni mwa mawe, ahirisha. Na matundu hayo yenyewe, ambayo kwa bahati mbaya yana upana kamili wa vidole vitatu, yasitumiwe. Yakizibwa kwa taka au kubomoka, maji hujikusanya nyuma na kuusukuma ukuta, na kuta nyingi za namna hiyo huanguka kwa maji, si kwa udongo. Isitoshe, humo mna wenyeji. Popo, mijusi, nyuki, ndege wa kutaga kwenye mashimo. Kozi hupenda minara mirefu kwa sababu kwake ni majabali, na akiwa na makinda hushuka juu ya mtu bila salamu. Majira ya kutaga yakianza, kipande hicho kinafungwa mpaka makinda yaruke.

Madoa ya kijivu, manjano na kijani yanayoota juu ya mawe, yale ambayo ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, nayo nilikuwa nikiyaona uchafu wa kupigwa brashi. Baadhi yake hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Doa lenye upana wa kiganja linaweza kuwa limeanza kabla ya babu yako kuzaliwa. Sipigi brashi ya waya kitu chochote, na penye madoa mengi natafuta njia nyingine.

Kuna jambo la picha. Ukuta mmoja wa kazi ukikwewa na watu wanne waangalifu mara moja kwa juma, hauwezi kujua. Video moja yenye jina la mtaa ndani yake, na wiki ijayo ni watu arobaini, spika, magodoro ya kuangukia yamefunga njia ya miguu, na chaki mpaka kichwani. Mwenye ukuta, ambaye alikubali nusu, atakataa yote, na atakuwa na haki. Napiga picha kama wengine, ila picha ya vidole na jiwe haihitaji mandhari ya nyuma inayotambulika.

Kitu kimoja ambacho wakwezi tunaweza kuwapa wenye kuta, na ambacho mkaguzi mwenye kitabu hawezi kukipata akiwa amesimama chini, ni habari za juu. Sisi tunalishika kila jiwe. Tukikuta linalocheza, tunapiga picha na sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane, tunaandika ni safu ya ngapi kutoka chini na mita ngapi kutoka kona, na tunampelekea aliyetupa ruhusa siku hiyohiyo, hata tukijua jibu litakuwa kufungwa kwa njia yetu. Mwaka jana tulipeleka taarifa ya namna hiyo ya ukuta wa kushikilia udongo ambao tunaupenda sote: jiwe la safu ya sita, upande wa kushoto, lilikuwa likitoa mlio wa debe na mkono ukiliwekea uzito linasogea. Walikuja wakaweka utepe. Fundi akaingia baada ya miezi, akakuta majirani zake wawili nao wameachia, akayatoa yote matatu, akajaza nyuma na kuyarudisha kwa chokaa, si saruji. Viungio sasa vimejaa mpaka usoni na hakuna mahali pa kutia hata kucha. Tulipouliza kuhusu nusu ya kulia, walijibu kwamba inaweza kutumika kama zamani, isipokuwa miezi ya mvua, na wasizidi watu wanne.